Ulimi wa Nyoka: Kangaga Lililojificha Nyasini

Najua wengi wenu mkifika katika kurasa za masomo hutarajia methali, vitate au ngeli za nomino. Leo nimewaletea mmea. Tafadhali msifunge jarida! Ngeli zimo humu ndani, tena za kutosha, na mkinivumilia hadi mwisho mtaona jinsi mmea mmoja wenye kimo cha kidole ulivyonifunza maana ya kuainisha, baada ya mimi mwenyewe kuung'oa kama takataka.

NILIVYOKUTANA NAO

Ilikuwa mwezi wa Aprili, mvua ya masika ikinyesha kana kwamba mbingu zimetoboka. Sisi wanafunzi wa kutwa tunajua maana ya masika. Njia huwa tope tupu, na kijito ulichokiruka juzi leo lazima ukisubiri kipungue. Nilifika shuleni gwaride limekwisha. Mwalimu wa zamu hakutaka hadithi ndefu. Alinipa sehemu yangu nyuma ya maabara, pale penye mwamba bapa uliofunikwa na udongo mwembamba, akasema, "Ng'oa nyasi zote mpaka nione mwamba."

Nikang'oa. Mkono ulifanya kazi huku akili iko kwingine, kama ilivyo desturi ya adhabu. Ghafla nikaona nimeshika kitu ambacho si nyasi. Kilikuwa na jani moja tu, laini, lenye umbo la kijiko cha chai. Pale jani lilipoungana na kikonyo chake palichomoza kijiti chembamba kilichosimama wima, na ncha ya kijiti hicho ilikuwa kama mkia wa panya. Chote hakikuzidi urefu wa kidole changu cha kati. Nikatazama rundo langu. Kumbe vingine vitano au sita vilikuwa vimeshalala humo, mizizi juu!

Mwenzangu wa adhabu akaniambia, "Wee, hayo ni magugu tu. Tupa twende darasani." Nilitupa vyote isipokuwa kimoja, ambacho nilikilaza katikati ya daftari langu la Biolojia.

KOSA LANGU LA KWANZA

Wakati huo Kidato cha Tatu tulikuwa tumeanza mada ya uainishaji wa viumbe. Nikawaonyesha wenzangu wa dawati mmea wangu. Mmoja akasema ni mgomba mchanga. Mwingine akasema ni ua ambalo halijafunguka. Mimi nilijiona mjuzi kuliko wote. Nikaandika kwa kalamu, si kwa penseli, kwamba mmea huu uko katika kundi la nyasi na mahindi, kwa sababu una jani jembamba na ule mkia ni suke.

Mwalimu wetu wa Biolojia alisoma, asicheke. Aliniuliza swali moja tu: "Umetazama mishipa ya jani inavyokwenda?" Nikaliinua jani kwenye mwanga wa dirisha. Mishipa ya jani la hindi hukimbia sambamba kama mistari ya daftari. Hii ilikuwa imefumana kama wavu wa mvuvi. Suke langu likaanza kutetereka.

"Na huo mkia," akaendelea, "umeutazama kwa lenzi?" Nikapewa lenzi ya mkono. Niliona safu mbili za vishanga vilivyobanana, moja kushoto na nyingine kulia, mfano wa zipu ya begi. Hapakuwa na petali, hapakuwa na chavua, hapakuwa na punje. Mwalimu akaniamuru niulaze mkia ule juu ya karatasi nyeupe hadi kesho. Kesho yake kila kishanga kilikuwa kimepasuka kwa ufa wa kukingama, na karatasi ilikuwa na vumbi laini la rangi ya krimu. Zilikuwa spora.

"Basi," Mwalimu akasema, "hili ni kangaga."

Darasa zima likaangua kicheko. Kangaga? Makangaga si tunayajua! Ni yale yaliyo kando ya mto, majani yamekatika kama manyoya ya ndege, na yakiwa machanga yamejikunja kama konokono. Lile langu halikuwa na manyoya wala mkunjo. Hata mimi nilicheka, lakini moyoni nilikuwa na aibu. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, nami niliandika bila kuuliza.

KIFARU NI WA NGELI GANI?

Jioni hiyo nilikuwa na zoezi la ngeli kutoka kwa Mwalimu wa Kiswahili, na hapo ndipo giza liliponitoka. Swali lilikuwa: weka nomino hizi katika ngeli zake: kiti, kifaru, mtu, mto.

Mtoto wa shule ya msingi akiona kiti na kifaru, atayaweka maneno yote mawili katika KI-VI kwa sababu yote yanaanza kwa ki-. Lakini hebu yatie katika sentensi. Kiti kimevunjika. Kifaru amelala. Husemi "kifaru kimelala" ukimaanisha mnyama, la sivyo watu watakutazama vibaya. Vivyo hivyo mtu na mto. Yote yanaanza kwa m-, lakini mtu anapita na mto unapita. Zamani ngeli ziliitwa kwa viambishi vya nomino yenyewe, ndiyo maana wazee wetu walisoma ngeli ya M-WA na M-MI. Siku hizi tunasema A-WA na U-I, kwa sababu tumeacha kutazama kichwa cha neno, tunatazama upatanisho wake katika sentensi.

Nikajiambia: lo! Mimi nimeuangalia mmea kama mtoto anavyoliangalia neno kifaru. Nimetazama umbo la nje nikasema "nyasi". Mwalimu alitazama upatanisho: unazaaje, mishipa yake imepangwaje, vifuko vyake vya spora vimejengwaje. Hapo ndipo mmea hujitaja ngeli yake. Na hili si fumbo langu tu. Wataalamu waliotunga istilahi za Biolojia kwa Kiswahili walipofika kwenye ngazi iliyo chini ya faila na juu ya oda, waliiita ngeli. Neno ni lile lile.

MMEA WENYEWE

Jina la kisayansi la jenasi hii ni Ophioglossum. Limetokana na maneno mawili ya Kigiriki, moja lina maana ya nyoka na jingine ulimi. Ndiyo sababu nimeuita ulimi wa nyoka. Ukiuona ule mkia umechomoza juu ya jani, huhitaji kuelezwa zaidi.

Sifa zake muhimu ni hizi:

Kwanza, shina lake ni fupi na limezikwa ardhini. Kila msimu hutoa jani moja, au machache tu. Jani hilo halichipuki likiwa limejikunja kama majani ya makangaga mengi. Huinuka limenyooka.

Pili, jani lina sehemu mbili. Sehemu bapa hutengeneza chakula, na sehemu ya mkia hubeba spora. Mkia si ua na si tawi. Ni sehemu ya jani lile lile iliyopewa kazi nyingine.

Tatu, vifuko vyake vya spora ni vikubwa na vina kuta nene, na kifuko kimoja hubeba spora kwa maelfu. Makangaga ya kawaida yana vifuko vidogo vyenye ukuta mwembamba na, mara nyingi, spora 64 tu katika kila kifuko. Isitoshe, vifuko hivyo vidogo vina pete ya chembe inayokauka na kurusha spora kama manati. Ulimi wa nyoka hauna manati. Vifuko vyake hupasuka tu, upepo ukafanya kazi iliyobaki.

Nne, na hii ndiyo iliyonishangaza zaidi, mizizi yake ni minene na haina vinyweleo. Huishi kwa ushirikiano na kuvu walio udongoni. Tena kumbukeni kwamba kangaga lina vizazi viwili vinavyopokezana. Spora ikianguka haioti kangaga moja kwa moja. Huota kwanza kimmea kidogo chenye viungo vya kiume na vya kike, ambacho vitabuni huitwa prothali. Kwa makangaga mengi prothali ni kijani, yenye umbo la moyo, na hukaa juu ya udongo. Ya ulimi wa nyoka imezikwa ardhini gizani, haina umbijani, haiwezi kujipikia chakula. Hulishwa na kuvu. Kwa hiyo kabla hujaliona jani moja juu ya ardhi, maisha marefu yamekwisha kupita chini yake.

Tano ni idadi ya kromosomu. Binadamu ana kromosomu 46 katika chembe ya mwili. Spishi moja ya jenasi hii, Ophioglossum reticulatum, imehesabiwa kromosomu 1,260. Hakuna mmea mwingine unaojulikana kwa idadi kubwa kuliko jamaa hawa. Nilipowaambia wenzangu, mmoja aliuliza, "Sasa hizo zote ni za nini na jani ni moja?" Jibu ni kwamba wingi wa kromosomu si wingi wa akili wala wa viungo. Katika ukoo huu seti za kromosomu zimejirudufu mara nyingi kwa vizazi na vizazi.

NGAZI ZAKE

Tukipanda ngazi kutoka juu hadi chini, kulingana na mpango wa uainishaji uliotolewa na wataalamu wa makangaga wa nchi nyingi mwaka wa 2016, mambo yako hivi:

Himaya: Plantae, yaani mimea yote.
Faila: Tracheophyta, mimea yenye mishipa ya kusafirisha maji na chakula.
Ngeli: Polypodiopsida, makangaga yote.
Ngeli ndogo: Ophioglossidae.
Oda: Ophioglossales.
Familia: Ophioglossaceae, yenye jenasi 10.
Jenasi: Ophioglossum, yenye spishi zipatazo 40.

Hapa nawaonya watahiniwa wenzangu. Vitabu vyetu huyaweka makangaga katika Pteridophyta, na ukiulizwa katika mtihani jibu kama kitabu kinavyosema. Lakini ujue kwamba kundi hilo la zamani lilichanganya koo mbili. Baadhi ya mimea iliyowekwa humo, inayoitwa likofaiti, ilitengana na mingine zamani sana. Makangaga yana undugu wa karibu zaidi na mwembe na mahindi kuliko walio nao na likofaiti, ingawa kwa macho yanafanana na likofaiti kwa kukosa mbegu. Ni kiti na kifaru tena!

HATA WAKUBWA WALIKOSEA

Msidhani ni mimi peke yangu niliyeandika kwa kalamu kabla ya kuuliza. Aliyeipa jenasi hii jina lake katika uainishaji ni Carolus Linnaeus wa Uswidi, katika kitabu chake Species Plantarum cha mwaka wa 1753. Mimea yenye maua aliipanga kwa kuhesabu viungo vyake vya uzazi. Makangaga hayakuwa na maua ya kuhesabu, basi akayatia pamoja na kuvu na kuvumwani katika ngeli ya 24, akaipa jina lenye maana ya ndoa iliyofichika.

Katika jenasi ya ulimi wa nyoka Linnaeus aliingiza pia kangaga moja la Asia linalotambaa na kupanda juu ya mimea mingine, akaliita Ophioglossum flexuosum. Kisa na maana? Kingo za majani yake zina vijimkia vyenye safu mbili za vifuko. Kwa mbali vinafanana na ulimi wa nyoka. Baadaye Mswidi mwenzake, Olof Swartz, alilihamisha kwenye jenasi nyingine iitwayo Lygodium, na leo tunajua kwamba makangaga hayo mawili hayamo hata katika oda moja.

Kosa jingine lilidumu muda mrefu zaidi. Kuna mmea uitwao Psilotum, vijiti vya kijani vilivyogawanyika mara mbili mbili, bila majani ya kweli na bila mizizi. Kwa miaka mingi ulidhaniwa kuwa mabaki ya mimea ya kale kabisa ya nchi kavu, kwa sababu unafanana na visukuku vyake. Mwaka wa 2001 Kathleen Pryer na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha DNA za mimea. Psilotum uligunduliwa kuwa kangaga, tena ndugu wa karibu wa nani? Wa ulimi wa nyoka! Mmoja ana jani moja, mwingine hana hata moja. Lakini ukichimba udongoni utakuta prothali za wote wawili ziko gizani zikilishwa na kuvu. Undugu ulikuwa umefichwa pale ambapo watu hawakutazama.

MAJINA YA SPISHI

Majina ya spishi si ya kutisha ukijua maana yake. Reticulatum ni yenye wavu. Polyphyllum ni yenye majani mengi. Costatum ni yenye mshipa wa katikati uliojitokeza. Zote tatu hupatikana Afrika Mashariki, hasa katika nyasi za mahali panapolowa wakati wa mvua. Nyingine ni vulgatum, yaani ya kawaida, na gramineum, yaani kama nyasi, jina ambalo liliniliwaza kidogo kwa kosa langu. Iliyo ndogo kuliko zote ni Ophioglossum malviae ya magharibi mwa India, iliyotangazwa mwaka wa 2018 kuwa kangaga dogo kabisa la ardhini duniani. Kimo chake ni kama sentimita moja!

Na wangu je? Mimi nimesimama kwenye ngazi ya jenasi. Kushuka hadi spishi kunahitaji hadubini na vielelezo vya kulinganisha. Afadhali kusimama kwenye ngazi uliyoifikia kuliko kurukia usiyoiona, maana hiyo nilishairukia mara moja.

UNA FAIDA GANI?

Swali hili niliulizwa na dada yangu siku ya kwanza: "Unalika?" Niliulizwa tena mwezi wa Juni, na safari hii aliyeuliza ni Mwalimu Mkuu.

Ilikuwa imeamuliwa kwamba nyuma ya maabara pasawazishwe ili pajengwe kibao cha saruji cha kuwekea tangi la maji. Maji tunayahitaji, hilo halina ubishi. Lakini nilikuwa nimezunguka kiwanja chote na nje ya ua, na sikuuona ulimi wa nyoka mahali pengine. Mlezi wa Chama akanipeleka ofisini pamoja na wenzangu wawili. Magoti yalikuwa yakigongana.

"Mmea gani huo?" Mwalimu Mkuu akauliza.

Fikirini kama ningejibu, "Ni kajani fulani hivi, Mwalimu." Tungetolewa pale kwa dakika moja. Badala yake nilimtajia jenasi na familia. Nikamweleza kwamba hatuwezi kuuchimba tukauhamishe kama mche wa sukumawiki, kwa sababu unategemea kuvu walio katika udongo ule ule. Wenzangu wakamwonyesha mchoro na ile karatasi yenye vumbi. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mahali penyewe ni pakubwa kiasi gani?" Nikasema ni kama kitanda kimoja. Basi tangi likasogezwa hatua kumi kuelekea jikoni, nasi tukaruhusiwa kupazungushia mawe.

Sijui kama hiyo ndiyo faida. Ninachojua ni kwamba kitu kisicho na jina hakina wa kukitetea. Kuainisha si kukariri orodha ya Kilatini ili kupita mtihani. Ni kumpa kiumbe jina na jamaa, ili siku yake ikifika awe na la kusemewa.

Mwezi wa Agosti jua lilipochoma udongo, majani yalikauka yakatoweka. Yamebaki mawe yaliyozunguka mahali patupu. Wengine hunicheka wakisema nimepewa ulinzi wa mawe, na vijana wa Kidato cha Pili waliwahi kuyachukua kuwa magoli. Niliyarudisha. Najua shina liko chini. Aidha, nimesoma kwamba mizizi ya baadhi ya spishi hutoa machipukizi mapya yenyewe, na ninapokumbuka ile mitano au sita niliyoing'oa, huomba kwamba vipande vya mizizi vilibaki mwambani.

Masika yajayo nitakuwa Kidato cha Nne, nina mambo mengi. Hata hivyo nitapita nyuma ya maabara kila asubuhi, nikichelewa na nisipochelewa. Ndugu msomaji, nawe ukipewa adhabu ya kung'oa nyasi, ng'oa, lakini tazama unachokishika.

ZOEZI

1. Taja sifa mbili zinazoonyesha kwamba ulimi wa nyoka si jamii ya nyasi.
2. Eleza tofauti mbili kati ya vifuko vya spora vya ulimi wa nyoka na vya makangaga ya kawaida.
3. Kwa nini Psilotum na Ophioglossum huhesabiwa ndugu ingawa hazifanani?
4. Weka katika ngeli na utunge sentensi: kipepeo, kisu, kijana, kijiti.

Majibu nitayabandika kwenye ubao wa Chama.